Pointi zilizotosha tiketi tatu za Dar sasa zinatosha mbili kwa shida: nifanye nini?

SWALI: "Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, niko Houston, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Tangu 2021 nalipia kila kitu kwa kadi ya mkopo: chakula, mafuta, bima ya gari. Lengo ni kukusanya pointi za kwenda nyumbani na wanangu wawili. Sasa nina pointi 210,000. Mwaka juzi nilipiga hesabu nikaona zinatosha tiketi tatu za kwenda na kurudi. Juzi nimeangalia tena, zinatosha mbili kwa shida. Hapo hapo benki imeniandikia kwamba ada ya mwaka inapanda. Kuna miezi nabakiza deni kwenye kadi, lakini nilijipa moyo kwamba pointi zinafidia. Je, nimeibiwa? Na hizi zilizopo nizifanyeje?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na neno "kuibiwa", maana naona ndilo linalokuuma zaidi.

Kisheria hujaibiwa. Mkataba uliokubali siku ulipochukua kadi, ule wa maandishi madogo, una kifungu kinachosema benki inaweza kubadilisha mpango wa pointi muda wowote, na kwamba pointi si mali yako. Lakini uchungu wako una msingi. Wewe umetoka kwenye jamii ya upatu. Kwenye upatu zamu zinajulikana, kiasi kinajulikana, na kijumbe akithubutu kupunguza kiasi katikati ya mzunguko bila kikao, jioni hiyo hiyo wanachama wako mlangoni kwake. Pointi ni upatu ambao kijumbe anashika daftari peke yake, anapanga kiasi peke yake, na anaweza kukibadilisha baada ya wewe kumaliza kuchanga. Miaka mitano umechanga kwenye upatu wa namna hiyo ukidhani ni ule wa nyumbani.

Ili uamue vizuri ufanye nini, lazima kwanza ujue pointi zinatoka wapi. Ukinunua chakula cha dola 100 kwa kadi ya mkopo hapo Marekani, mwenye duka hapati dola 100. Anapata 97 na ushei. Makato yale yanagawanywa, na fungu kubwa huenda kwa benki iliyokupa kadi. Kadi za kifahari, zile nzito za chuma, humkata mwenye duka zaidi kuliko kadi za kawaida. Kwenye fungu lake benki inakurudishia dola moja, pengine moja na nusu au mbili, kwa sura ya pointi. Mwenye duka naye si mjinga, makato yale ameshayaingiza kwenye bei ya mchele. Kwa hiyo yule mama aliyesimama nyuma yako kwenye foleni, anayelipa noti taslimu kwa sababu hana kadi, anachangia tiketi yako ya ndege na yeye hapati kitu. Hili huwa halinipi raha hata kidogo, na nimeliweka mapema ili tusizungumze kana kwamba pointi zinadondoka kutoka mbinguni.

Ushahidi kwamba pointi zinaishi kwenye makato hayo uko wazi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kuanzia Desemba 2015: benki yenye kadi ya mkopo isichukue zaidi ya asilimia 0.3 ya malipo, na kadi ya kutoa fedha kwenye akaunti (debit) isizidi asilimia 0.2. Kwa ununuzi wa 100, hiyo ni senti 30. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Uingereza na Ujerumani wakisikia bonasi za Marekani hushangaa, kwao benki haina kingi cha kugawa. Australia ilianza mapema zaidi. Mwaka 2003 benki kuu yao ilishusha wastani wa makato hayo kutoka karibu asilimia 0.95 hadi karibu 0.55, na pointi zikapungua. Hata Marekani kwenyewe, kadi za kutoa fedha kwenye akaunti ziliwahi kuwa na pointi. Oktoba 2011 makato ya benki kubwa kwenye kadi hizo yakawekewa kikomo cha senti 21 na asilimia 0.05 juu yake, na pointi zile zikayeyuka karibu zote. Serikali ikifika huko kwenye kadi za mkopo pia, na wapo wabunge wanaodai sheria ya kuyashusha makato hayo, pointi zako zitapungua tena. Mimi bado naona ni haki makato yashuke.

Lakini kadi za mkopo za Marekani hazijawekewa kikomo hicho. Kwa nini basi zinabana? Hapa kuna habari ndefu kidogo, na inafaa uijue.

Agosti 2016 benki ya Chase ilitoa kadi iitwayo Sapphire Reserve. Ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka. Bonasi ya kuanzia kwa mteja mpya ilikuwa pointi 100,000, na ukinunua safari kupitia benki yenyewe kila pointi ilihesabiwa senti moja na nusu. Yaani bonasi peke yake ilikuwa safari ya dola 1,500. Watu waliikimbilia mpaka benki ikaishiwa na chuma cha kutengenezea kadi. Desemba mwaka huo huo Jamie Dimon, mkuu wa JPMorgan Chase, alisema kadi hiyo ingepunguza faida ya robo ile kwa kati ya dola milioni 200 na 300. Benki ilikuwa inanunua wateja, na ilijua inachokifanya. Mwanzoni mwa 2017 bonasi ilishushwa hadi 50,000. Mwaka 2020 ada ikawa 550. Juni 2025 ikawa 795. Na kwa pointi zinazopatikana kuanzia Oktoba 26, 2025, ile senti moja na nusu ikaondolewa. Sasa pointi ni senti moja, ila kwa ndege na hoteli ambazo benki yenyewe imezichagua ndipo inaongezwa. Chukua pointi 60,000: za zamani zilikuwa safari ya dola 900, za baada ya tarehe hiyo kwa hesabu ya kawaida ni dola 600. Idadi inayoonekana kwenye simu ni ile ile. Kilichopungua ni kile inachonunua.

American Express, kampuni nyingine ya kadi, nao wamepita njia hiyo hiyo. Kadi yao ya Platinum ilikuwa dola 550, ikawa 695 mwaka 2021, ikawa 895 mwaka 2025. Kila ada inapopanda unaletewa orodha ya marejesho mapya, yaani fedha unazorudishiwa ukilipia huduma fulani, na ukiyajumlisha unaona yanazidi ada mara mbili. Yatazame kwa karibu. Yako marejesho ya Uber ya dola 200 kwa mwaka. Hawakupi dola 200. Wanakupa dola 15 kila mwezi na nyongeza ya 20 mwezi Desemba, na za mwezi huu usipozitumia hazivuki kwenda mwezi ujao. Dada yangu, wewe una gari lako na unafanya zamu za usiku. Uber unapanda lini? Mwezi ukiisha hujapanda, dola 15 zimebaki benki, na ada uliyolipa nayo iko benki. Marejesho ya namna hii yamepangwa kwa kujua kwamba watu wengi watasahau.

Upande wa mashirika ya ndege ndiko tiketi yako ya tatu ilikopotelea. Zamani kila shirika lilikuwa na jedwali: kutoka Marekani kwenda Afrika ni maili kadhaa (maili ni pointi za shirika la ndege), basi. Mtu alikuwa anaweza kubandika namba hiyo kwenye friji na kuikimbiza miaka mitatu. Delta waliondoa jedwali lao mwaka 2015, United wakafuata mwaka 2019, na wengi wamekwenda huko. Siku hizi bei ya maili inapanda na kushuka pamoja na nauli. Na safari zetu tunazifanya lini? Juni watoto wakifunga shule, na Desemba. Ndio wakati bei iko juu kuliko miezi yote.

Kuna na njia nyingine ya kupunguza, isiyopiga kelele: kiwango cha kuhamisha pointi za benki ziwe maili za shirika la ndege. Watu wa Afrika Mashariki wengi walikuwa wanahamisha pointi za benki kwenda Emirates, kwa sababu inatua Dar, Nairobi na Entebbe. Pointi moja ilikuwa maili moja. Januari 2025 benki ya Capital One wakashusha, pointi 2 zikawa maili 1.5. Septemba 2025 American Express wakashusha, pointi 5 zikawa maili 4. Oktoba 2025 Chase wakaondoa kabisa uhamisho wa kwenda Emirates. Ndani ya mwaka mmoja njia tatu zilibanwa au kufungwa, na mtu aliyekuwa anaweka pointi bila kusoma barua pepe za benki hakusikia kitu.

Maili hizi ni biashara kubwa, usidhani ni hisani. Mwaka 2024 Delta walipokea dola bilioni 7.4 kutoka American Express, zaidi kwa kuwauzia maili ambazo benki inawapa wateja wake. Mwaka 2020 ndege zilipokuwa chini kwa sababu ya korona, United waliweka mpango wao wa maili rehani wakakopa dola bilioni 6.8, na Delta wakakopa bilioni 9 kwa wa kwao. Fikiria: kampuni inachapa noti zake, inaziuza kwa benki, kisha inaamua yenyewe noti hiyo inanunua nini. Tumekulia kwenye nchi ambazo shilingi imeshuka tukiiona kwa macho, hili hatuhitaji kufundishwa. Ukishika sarafu inayoshuka, huiweki chini ya godoro.

Je, hakuna wa kuwazuia? Desemba 2024 mamlaka ya Marekani ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa mwongozo kwamba kushusha thamani ya pointi ambazo mteja ameshazipata kunaweza kuwa kuvunja sheria. Mei 2025 mwongozo huo ukafutwa pamoja na mingine mingi. Kwa hiyo usingoje mlinzi.

Mimi mwenyewe nimepita hapo. Nilikuwa na daftari dogo la bluu ambalo nilikuwa naandika maili kila mwisho wa mwezi, nikikusanya tiketi ya mama yangu aje aone wajukuu. Nilipofika namba niliyoiandika ukurasa wa kwanza, shirika lile lilikuwa limeshabadilisha, na tiketi ile ile ilitaka karibu nusu tena ya maili nilizokuwa nazo. Mama alikuja mwaka uliofuata, kwa tiketi niliyonunua kwa fedha. Tangu hapo sikusanyi maili bila tarehe ya safari.

Sasa tuje kwako, na nianze na hilo ulilolisema kwa kupita tu, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ada na tiketi: miezi unayobakiza deni. Riba ya kadi za Marekani kwa wastani imevuka asilimia 20. Tuseme yako ni 22 na una deni la dola 3,000 linalokaa. Kwa mwaka riba ni kama dola 660, yaani dola 55 kila mwezi. Dola 3,000 hizo ulipozitumia zilikupa pointi za thamani ya dola 60 kama kadi yako ni nzuri sana. Umepata 60, umelipa 660. Pointi hazifidii deni, hazijawahi kufidia. Mtu anayebakiza deni naye anawachangia pointi wale wanaomaliza bili kila mwezi, na mimi sitaki uwe wewe. Lipa deni lote kwanza. Kama huna fedha ya kulimaliza sasa, acha kuitumia kadi hiyo kwa manunuzi mapya, tumia ya akaunti yako, mpaka deni liishe. Pointi zinaweza kusubiri, riba haisubiri.

Na kama unatuma fedha nyumbani kwa kadi hiyo ili upate pointi, acha leo. Benki nyingi huhesabu malipo hayo kama umechukua fedha taslimu: unakatwa ada, mara nyingi asilimia 5, riba inaanza siku hiyo hiyo bila muda wa neema, na pointi hupati. Ukituma dola 400 za ada ya shule ya mdogo wako, umeongeza dola 20 juu yake bila kumnufaisha yeyote wa nyumbani.

Pointi zako 210,000: zitumie. Sisemi uzitumie ovyo, ila ziwe zimetoka mikononi mwako kabla ya mwaka huu kwisha. Usihamishe chochote kwenda shirika lolote kabla hujaona kiti kwa macho yako. Uhamisho haurudi nyuma, ukishatuma umetuma, na hapo umetoka kwenye pointi zenye milango mingi ukaingia kwenye maili zenye mlango mmoja. Fungua akaunti za bure za mashirika kadhaa, tafuta kiti, kiandike, kisha ndipo uhamishe kiasi kile kile.

Na usitafute kwenye shirika moja. Kiti kimoja huuzwa kwenye mipango tofauti ya maili kwa bei tofauti. Ndege ya Ethiopian ya kwenda Dar kupitia Addis Ababa unaweza kuinunua kwa maili za United au kwa pointi za Air Canada, kwa sababu wako kwenye muungano mmoja. KLM wanaotua Kilimanjaro na Dar wananunuliwa kwa maili za Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France, na benki karibu zote kubwa za pointi zinahamishia huko. Qatar wanatumia maili ziitwazo Avios, na Avios zinahama kati yao na British Airways. Angalia pia kama mnaweza kushukia Nairobi na mkamalizia safari kwa basi au kwa tiketi ndogo ya ndege. Wakati mwingine maili unazookoa hapo zina thamani kuliko nauli hiyo ndogo. Na kama ratiba ya shule inaruhusu hata siku nne za mapema, jaribu tarehe hizo.

Ukipata kiti, piga hesabu hii kwenye karatasi. Chukua nauli ya fedha, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Tuseme nauli ni dola 1,400, tozo dola 300, na wanataka pointi 80,000. Inabaki 1,100, ukigawanya kwa 80,000 unapata senti 1.4 hivi kwa pointi. Hapo ni pazuri, nunua. Ikija chini ya senti moja, na benki yako inakubali kukupa fedha kwa senti moja kwa pointi, chukua fedha ununue tiketi ya kawaida. Tozo zitazame sana, maana yako mashirika ambayo tiketi ya "bure" inakuja na mamia ya dola juu yake. Na kama pointi zimetosha watu wawili, si aibu tiketi ya tatu ikatoka mfukoni. Hesabu ikikubali, afadhali hivyo kuliko kungoja miaka miwili zaidi zifike tatu na bei ipande tena.

Kadi yenyewe: usikubali ada mpya kwa mazoea. Andika vitu ambavyo ungevinunua kwa fedha yako hata kama kadi isingekuwepo, na hivyo tu ndivyo vya kutoa kwenye ada. Kama jumla haifiki, piga simu benki uombe mambo mawili. Kwanza waulize kama wana chochote cha kukubakiza, wakati mwingine wanapunguza ada au wanakupa pointi. Wakikataa, omba wakubadilishie kadi hiyo iwe ya aina isiyo na ada ndani ya benki hiyo hiyo. Usiifunge. Ukiifunga, pointi zilizobaki benki unaweza kuzipoteza zote, na kumbukumbu yako ya mkopo inaweza kuguswa. Ila kabla ya kukubali mabadiliko, uliza swali moja na uandike jibu na jina la aliyekujibu: "Kadi mpya bado itaniruhusu kuhamisha pointi kwenda mashirika ya ndege?" Nyingi haziruhusu. Ikiwa hivyo, tiketi kwanza, mabadiliko baadaye.

Baada ya hapo, kwa maisha yako ninavyoyaona, kadi rahisi inayorudisha asilimia 2 kwa kila kitu bila ada inakutosha. Zipo, Citi Double Cash ni moja, Wells Fargo Active Cash ni nyingine. Fedha inayorudishwa unaihamishia akaunti ya akiba kila mwezi na kuipa jina la safari. Hakuna mtu atakayekuandikia barua pepe kwamba dola zako sasa ni maili chache. Zote mbili zina kasoro moja: ukizitumia nje ya Marekani wanakata asilimia 3, kwa hiyo usizipeleke Zanzibar kulipia hoteli.

Angalia tarehe ambayo ada mpya inaingia kwenye bili yako. Baada ya kuingia, benki nyingi bado zinairudisha ukipiga simu ndani ya siku 30, lakini usijibane huko. Anza leo usiku na viti vya Juni, KLM na Ethiopian kwanza, na uniandikie bei ulizoziona pamoja na tozo zake, tuzigawanye pamoja kabla hujahamisha hata pointi moja.